Maji Yaliyokuwa Yakivuja

Nilimwamkia dada yangu Naetwe shikamoo mara mbili, na mara zote mbili alikaa kimya. Kwetu mkubwa akiinyamazia shikamoo yako, ujue umeitwa kujibu shtaka. Nikaweka kikapu cha mboga pale mlangoni, nikasubiri.

"Mboga za nani hizo?"

"Zangu, dada. Mchicha na nyanya chungu."

"Utarudi nazo."

Naanzia hapa kwa sababu siku hizi watu wanapenda kunisimulia kama mwanamke shujaa, Nakijwa aliyeua utando mbele ya kadamnasi. Waongo wakubwa! Mimi ni mtu wa hasira, sikatai, na walionizaa walikuwa hivyo hivyo. Lakini wiki ile hasira yangu ilichelewa, na hilo ndilo nataka mlijue kabla ya mengine yote.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi. Nilikuwa nimeshuka kwa miguu kutoka kwetu Mlandeni, juu mlimani, hadi Kizungoni anakokaa dada, mwendo wa saa moja na nusu. Alinishika mkono kama mtoto mtukutu, akanipeleka nyuma ya nyumba kwenye bustani yake.

Naetwe alilima kwa mtindo wa zamani. Alifukia vyungu vya udongo hadi shingoni, akavijaza maji, akavifunika kwa vigae. Udongo wa chungu ulitoa jasho polepole, na mizizi ya bamia ikalizunguka jasho lile na kulinywa. Juu alitandaza majani makavu ili jua lisipate pa kuingilia. Kwa ndoo mbili tu kwa wiki alikula mboga mwaka mzima, miaka arobaini mfululizo. Siku ile alifunua chungu kimoja kimoja, akanionyesha. Vyote vilikuwa vikavu, na bamia zilikuwa zimejikunja.

"Twende chemchemini," akasema.

Kando ya chemchemi ya Kizungoni ilisimama fimbo ya chuma ya Bodi ya Mabonde. Kila chemchemi nchini inayo. Fimbo inapima maji yanayotoka ardhini, na yakipungua kiasi kilichowekwa inaanza kuhesabu siku. Ikifika siku ya tisini, makazi yanafungwa. Wanakuja na magari, wanawapakia watu na vyombo vyao, wanawapeleka pwani kwenye maghorofa yanayotumia maji ya bahari yaliyochujwa: familia moja chumba kimoja, bomba moja. Hakuna anayepigwa wala kutukanwa. Wanakusaidia hata kubeba godoro.

Fimbo iliandika themanini na sita.

"Ijumaa," nikasema.

"Ijumaa," akajibu dada. Akanipa jembe. "Chimba hapo ukingoni."

Nikachimba hadi kina cha kiwiko. Vumbi tupu. Nikachimba hadi kina cha mkono mzima. Vumbi.

"Zamani hapo ungetoa tope," akasema. "Na hatujawahi kupata mvua nyingi kuliko ninyi. Sasa wewe msomi niambie, tope lile lilitoka wapi?"

Nilijua. Nilijua tangu jembe la kwanza, na uso ukaniwaka moto.

"Lilitoka kwenu," akasema Naetwe. "Miaka yote mlikuwa mnamwaga, sisi tunaokota. Ukaja wewe na akili zako, mkaacha kumwaga."

*

Utando ni wangu. Niliukuza jikoni, kwenye sufuria la ugali, kutokana na ukungu mweupe niliouona chini ya mikonge iliyooza. Watu wa kampuni fulani walikuja baadaye wakaupiga picha na kuupa jina refu, lakini aliyeuotesha ni mimi.

Unauzika nusu mita chini ya bustani, nao unatambaa wenyewe. Tone la maji likishuka linaukuta, unalinywa na kuvimba, kisha unalirudisha juu taratibu pale mzizi unapoomba. Hakuna kinachopita. Kwa utando, karai moja la maji ya kuoshea vyombo linalisha bustani ya nyumba nzima kwa siku mbili. Watu walioshindia uji mkavu wakaanza kula mchicha, matembele, bamia, mpaka matikiti, jamani, matikiti Mlandeni! Nyumba mia tatu zilichukua kipande kwangu. Vipande vyote viliendelea kuunganishwa chini kwa chini, kwa nyuzi, na kile cha kwanza kilichobaki bustanini kwangu. Tulikiita Mama. Mama alikula maji ya mkonge niliyommwagia kila juma, akawagawia wanawe. Na mimi wakaniita Mama Utando, na nilipenda. Nilipenda sana.

Haukuvujisha tone. Ndivyo nilivyojisifu kwa kila aliyekuja kupiga picha. Tone moja halipotei! Mpumbavu mkubwa mimi. Halipotei kwa nani?

"Nitakuletea kipande," nilimwambia Naetwe pale pale chemchemini. Nilikuwa naongea haraka haraka. "Leo hii. Ninyi mko mteremkoni, nacho kitashika unyevu wote unaopita. Ijumaa wakija watakuta bustani mbichi, wataongeza muda. Kipande kimoja tu, dada."

"Na wafugaji wa kule mbugani?"

"Wafugaji gani?"

"Kisima chao kinatoka wapi, Nakijwa? Wao wakikauka, nao utawapelekea kipande? Na walio chini yao?" Alinitazama kwa dharau ambayo sijaiona machoni pake tangu tukiwa wasichana. "Sitaki uchafu wako kwenye ardhi yangu. Nisikilize vizuri. Ukiung'oa huko kwenu, inakuwaje?"

Nikapiga hesabu. Ukimkata Mama, wanawe wanakufa baada ya siku mbili. Utando ukifa unaachia maji yote uliyoyashika miaka sita. Kutoka Mlandeni hadi Kizungoni, ndani ya ardhi ile ya mchanga na mawe, siku moja.

"Siku tatu," nikasema.

"Leo Jumatatu."

"Najua leo ni Jumatatu, dada!"

Nikapanda mlima na kikapu changu cha mboga mkononi, nikilia kwa hasira, na sikujua hata namkasirikia nani.

*

Jumanne alfajiri nilisimama bustanini na jembe. Kukata Mama ni kazi ya robo saa. Nilikwisha kunja mikono ya gauni.

"Umeamkaje, Mama Utando?"

Alikuwa jirani yangu, Mama Sefue, upande wa pili wa ua, amemfunga mtoto mgongoni na kushika sahani ya matembele aliyoyachuma sasa hivi. Mumewe alikwenda kutafuta kazi migodini mwaka wa pili huu, hajatuma salamu. Yule mwanamke na watoto wake watano walikula bustani ile, basi. Hapakuwa na kingine.

"Nimeamka salama," nikasema.

"Unalima mapema hivyo? Si ungoje kukuche kwanza."

Nikashusha jembe. Nataka mwelewe kilichonipitia, maana nimekifikiria kila siku tangu hapo. Nilijiambia: wa Kizungoni niliwaibia maji bila kuwaambia. Sasa niwaibie na hawa chakula bila kuwaambia? Niwe mwizi mara mbili? Nikaona uungwana ni kuwaita watu, kuwaeleza, tukate kwa pamoja. Nilijiona mwadilifu kweli kweli, na jembe nikaliegemeza ukutani.

Nikaenda kwa Mwenyekiti wa mtaa, Togolai Mfinanga, kumwomba apige baragumu la msaragambo. Msaragambo kwetu si jambo la mzaha. Baragumu likilia, kila nyumba inatoa mtu na jembe, hata mgonjwa anatuma wa kumwakilisha, na kazi mnaambiwa mkishafika. Ndivyo mababu walivyochimba mifereji, na ndivyo sisi tulivyojenga zahanati.

Togolai alinisikiliza hadi mwisho, akakuna kidevu.

"Hili ni zito, Mama Utando. Msaragambo unahitaji tangazo la siku mbili."

"Mwenyekiti, siku mbili ni Alhamisi. Maji yatafika Jumapili. Magari yanakuja Ijumaa."

"Utaratibu ndio huo. Nikipiga leo, kesho nashtakiwa. Unatujua sisi Wapare kwa kesi. Mtu atauza ng'ombe ashinde kesi ya kuku, akirudi nyumbani anapiga vigelegele." Akacheka. "Tena Bodi hawafungi kijiji hivi hivi. Ukiwaandikia barua, wanaongeza wiki. Andika barua."

Niliandika barua. Mimi, kwa mikono yangu hii, badala ya kushika jembe nilishika kalamu. Jumatano mchana Bodi wakajibu kwamba barua imepokelewa.

*

Alhamisi baragumu likalia saa mbili asubuhi. Walikuja watu zaidi ya mia tatu, na majembe begani, wakicheka na kutaniana, wakidhani tunakwenda kuzibua barabara. Walijaa uani kwangu hadi njiani. Nikapanda juu ya kinu kilichopinduliwa, nikawaeleza yote: chemchemi, fimbo, siku tisini, tope lililokuwa likishuka kutoka kwetu.

"Kazi ya leo," nikasema, "ni kumkata Mama."

Kelele zikaanza.

"Ala! Umetuita na majembe tujilimie njaa?"

"Kwani sisi tumewakataza kunywa?"

"Wahame! Pwani kuna bomba! Mimi mwenyewe ningeenda!"

"Shemeji zako si wako Kizungoni, Zefania? Wahame waje kwako?"

"Waje, nitawapa mboga!"

"Mboga za maji yao!" nikapiga kelele.

Togolai akainua mikono. "Ndugu zangu, tuheshimiane. Napendekeza tuunde kamati. Watu watano. Ikakague chemchemi, ituletee taarifa wiki ijayo."

Nilicheka. Kicheko kibaya, watu wa mbele wakarudi nyuma. "Kamati? Kesho kutwa hakuna mtu kule! Kamati ikamkague nani?"

Hapo Mama Sefue akasogea. Hakupaza sauti. "Mama Utando, mimi sibishi. Maji ni yao, nimekuelewa. Nataka unijibu moja tu. Wiki ijayo mwanangu nimpe nini?"

Watu wote walinitazama. Nilitafuta jibu zuri, la kitaalamu, nikakumbuka majibu yote mazuri niliyowahi kuwapa watu wa picha.

"Sijui," nikasema. "Nilicho nacho tutagawana. Hakitatosha."

"Haya," akasema, akarudi mahali pake.

Nikashuka kwenye kinu, nikachukua jembe. Togolai akasimama mbele yangu.

"Nakufungulia kesi, Nakijwa. Mahakamani. Na nitashinda."

"Fungua mbili. Pisha."

Akapisha. Hakuna aliyenishika, na hakuna aliyenisaidia. Nilichimba peke yangu mbele ya majembe mia tatu. Mama alikuwa mnene kuliko nilivyomkumbuka, mweupe, mzito kama blanketi lililolowa, akinuka uji uliochacha. Nilipompiga jembe la kwanza maji yakabubujika hadi magotini kwangu. Nilimpiga tena na tena. Miaka sita nilimlisha yule, nilimwimbia, niseme kweli, nilimpenda kuliko baadhi ya ndugu zangu. Nilimkata vipande.

Na mnajua watu walifanya nini? Walikimbilia makarai! Ndoo, sufuria, mabeseni ya kufulia, vilikuja mbio kutoka kila nyumba, wakapanga foleni kwenye shimo wakichota maji yaliyokuwa yanatoka kwa Mama. Wengine walikwenda kufukua bustani zao, wachote kabla hayajapotea. Kupotea! Bado walisema kupotea.

"Acheni yashuke!" nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. "Acheni yashuke, nyie watu!"

Mama Sefue alipita na karai lake limejaa. Macho yetu yalikutana, akainamisha uso, akaendelea na safari yake. Yeye simlaumu. Waliobaki nawalaumu hadi leo.

*

Ijumaa nilishuka Kizungoni kabla jua halijachomoza, nikakuta magari yamekwisha fika. Kaya arobaini zilikuwa zimekaa juu ya mafurushi yao, kila familia na lundo lake, kuku wamefungwa miguu. Hakuna aliyekuwa akilia.

Aliyetumwa na Bodi alikuwa binti mpole, mwenye kofia na daftari la kioo. Fimbo iliandika tisini.

"Mwanangu," nikamwambia, nimemshika mkono, "maji yanashuka. Nimekata utando jana. Jumapili yatakuwa hapa, nakuapia kwa chochote unachotaka. Siku mbili tu."

"Pole sana, mama. Kila kijiji wananiambia maji yanakuja."

"Lakini mimi ndiye niliyeutengeneza! Mimi ndiye Nakijwa! Najua yako wapi sasa hivi, yako ndani ya mlima ule, yanatembea!"

"Mimi napima yaliyopo, mama," akasema, na nikaona hakuwa na ubaya wowote. Ningeweza kumchukia, ningepumua. Alikuwa na midomo iliyopasuka kwa kiu kama sisi wote.

Naetwe alikuwa amesimama nyuma yangu. Alivaa kitenge chake cha kanisani. Mikononi hakuwa na kitu, furushi lake lilikwisha pakiwa. Vyungu vyake vyote vilibaki ardhini, maana havifukuliki bila kuvunjika.

"Ulijua lini?" akaniuliza.

"Dada..."

"Ulijua lini kwamba ni wewe?"

"Jumatatu. Tulikuwa wote."

"Umekata lini?"

"Jana."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyetajiwa bei sokoni na kuona haiwezi. "Jumanne ulikuwa unafanya nini?"

"Nilitaka watu wakubali. Nilitaka tufanye kwa utaratibu, dada. Wana watoto. Nisingeweza kuwavamia tu..."

"Walikubali?"

"Hapana."

"Haya."

Akageuka. Yule binti wa Bodi akampa mkono kumsaidia kupanda, naye akaukataa, akapanda mwenyewe na miaka yake sabini na mbili. Nilikwenda hadi ubavuni mwa gari, nikamwambia shikamoo. Ndilo neno pekee lililonijia. Alikuwa anatazama upande wa paa la nyumba yake. Magari yakaondoka, moja baada ya jingine, na vumbi likakaa hewani muda mrefu kwa sababu hapakuwa na upepo.

*

Sikurudi Mlandeni. Nilikaa Kizungoni Ijumaa yote na Jumamosi yote, kwenye kivuli cha ukuta wa dada, nikila mabaki ya viazi alivyoviacha jikoni. Niligombana peke yangu kwa sauti. Niligombana na Togolai na kamati yake, na Bodi na barua yao iliyopokelewa, na wale wa makarai. Lakini kila nilipomaliza kuwatukana, nilikuta Jumanne iko pale pale, asubuhi, na mimi na jembe, na hakuna mtu mwingine. Uungwana wangu ulikuwa wa kwangu. Waliolipa ni wengine.

Jumapili saa nne hivi nikasikia harufu kabla ya kuona kitu. Harufu ya udongo mbichi. Nikakimbia hadi chemchemini, uzee wangu wote, nikaanguka mara moja, nikainuka. Ukingo niliouchimba Jumatatu ulikuwa umebadilika rangi. Kisha tope. Kisha katikati ya tope kikafunguka kijicho kidogo, kikatoa maji ya udongo, kikasafika. Baada ya nusu saa yalijaa kiganja. Kufikia adhuhuri yalikuwa yanapita juu ya jiwe la kuchotea, yakiteremka kuelekea mbugani, mengi, mengi kuliko nilivyowahi kuyaona pale hata utotoni. Fimbo ya Bodi ikalia, ikafuta siku zote, ikaandika sifuri. Taa yake ikawa ya kijani.

Nyumba arobaini zilikuwa wazi. Mlango wa mtu fulani ulikuwa unabamizwa na upepo uliokuwa umeanza.

Nikampigia dada simu. Iliita sana. Alipopokea nilisikia lifti, na watoto wa watu, na bomba linafunguliwa na kufungwa.

"Dada," nikasema, "yamekuja! Maji yamerudi! Sikiliza, sikiliza hapa." Nikaishusha simu karibu na maji, nikaiacha hapo, ayasikie. Kisha nikairudisha sikioni. "Umeyasikia?"

Kule kwake bomba likafungwa.

"Nimeyasikia," akasema. "Basi kunywa."

Akakata simu.